Stima Ilipopotea, Laptopu Ikaamka

Leo sina programu mpya ya kuwaonyesha. Nina kisa cha prosesa iliyokuwa inatembea kama kobe, na sehemu moja ya kisa hiki inaniaibisha. Nimeona niieleze yote hivyo hivyo, kwa sababu najua kuna mtu mahali anayejiandaa kuuza laptopu yake kwa bei ya vipuri na haina ugonjwa wowote.

Mimi nakaa Umoja Innercore, ghorofa ya nne. Kwa wale wasioijua Nairobi, Umoja ni mtaa wa Eastlands ulioanza miaka ya 1970 na nyumba za chini, na leo upande wetu ni magorofa yaliyobanana mpaka namsikia jirani wa jengo la pili akisonga ugali. Chumba changu ni kimoja. Meza moja, kitanda, mitungi ya maji, na laptopu ambayo ndiyo shamba langu, maana kula yangu yote inatoka humo.

Laptopu yenyewe ni ya mtumba, zile tunazoziita ex-UK. Niliinunua mjini kwa shilingi 27,000. Ndani ina prosesa ya Intel, i5-8350U, viini vinne, kasi ya kawaida gigahezi 1.7, na ikikazana inafika 3.6. Haikuja na chaja yake ya asili. Muuzaji alinipa "chaja mpya" iliyofungwa kwa nailoni, nami nikashukuru kama mtu aliyepewa nyongeza.

Sasa twende kwenye shida. Nilikuwa natengeneza programu ya Android ya kurekodi karo kwa shule moja ndogo ya kibinafsi. Malipo ya kwanza nilikuwa nimeshapokea na yakaishia kwenye kodi ya nyumba. Jumatatu saa mbili asubuhi nilitakiwa kuionyesha mbele ya mwalimu mkuu, na ndipo nilipwe nusu iliyobaki. Ijumaa jioni nikakaa kumalizia. Kukompaili mradi ule kwa kawaida kulichukua dakika 6 hivi. Ijumaa ile kulichukua 41. Nilihesabu kwa simu kwa sababu sikuamini.

Haya, ukiwa na digrii ya sayansi ya kompyuta unafanya nini? Unaanza kujishuku wewe mwenyewe. Nikadhani nimeandika kitu cha kijinga kwenye msimbo. Nikarudisha toleo la juzi, lile lililokuwa likimaliza kwa dakika 6. Likachukua 40. Basi si msimbo. Nikashuku diski, nikaipima, diski nzima. Nikashuku RAM, lakini nusu yake ilikuwa tupu. Nikafungua htop nikaona viini vyote vimejaa asilimia 100, nikajiambia kumbe mashine inafanya kazi kwa bidii, labda imezeeka tu.

Hapo ndipo kosa langu la kwanza, na naomba mlishike kwa sababu karibu kila mtu hulifanya. Asilimia 100 ya nini? Kipimo kile kinakuambia prosesa haina nafasi ya kupumzika. Hakikuambii inakwenda kasi gani. Punda aliyefungwa miguu naye anafanya kazi asilimia 100, akiburuza hatua moja moja.

Swali sahihi niliuliza saa saba usiku:

watch -n1 'grep MHz /proc/cpuinfo'

Ikatokea mistari minane, kwa sababu kila kiini kina njia mbili. Yote minane ilisoma megahezi 400, au 399 na kitu. Mashine ya kufika 3,600, ina kazi mpaka shingoni, inakwenda 400. (Kwenye Windows fungua Task Manager, nenda sehemu ya utendaji, uangalie kasi ya CPU. Ukiona inasoma 0.39 au 0.40 GHz na mashine ina kazi, jua umefika nyumbani.)

Kabla sijaendelea niwaeleze kwa nini prosesa ya laptopu inaweza kupunguza mwendo, maana si uchawi wala si ubaya. Umeme unaoliwa na prosesa unategemea kasi yake, na unategemea voti zake mara mbili, yaani voti zikizidishwa kwa zenyewe. Ukipunguza kasi unaweza kupunguza na voti, na hapo faida inakuja maradufu. Mwezi Januari 2000 Intel walileta SpeedStep kwenye Pentium III za laptopu. Ile ya megahezi 650 ilikuwa ikitolewa kwenye chaja inashuka hadi 500, na voti zinashuka kutoka 1.6 hadi 1.35. Piga hesabu mwenyewe: kasi inapungua kwa asilimia 23 hivi, lakini umeme unapungua kwa karibu asilimia 45. Ni biashara nzuri. Siku hizi laptopu, na hata simu mnazoshika, zinapanda na kushuka mwendo mara nyingi kwa sekunde bila ninyi kujua.

Kwenye Linux kuna sehemu ya kiini cha mfumo inayoamua mwendo huo, na ina sera zenye majina. Yangu ilikuwa kwenye sera inayoitwa powersave. Nikaruka kwa furaha! Nimemkamata mwizi! Nikaandika:

sudo cpupower frequency-set -g performance

Nikaangalia tena. 400. Baadaye nilijikumbusha kitu nilichokuwa nakijua: kwa dreva ya intel_pstate, iliyoingia Linux mwaka 2013, sera ya powersave haimaanishi "kaa chini kabisa". Inapanda kazi ikizidi, kama kawaida. Jina linadanganya, na wengi hupoteza usiku mzima wakiligombeza.

Nikashuku joto. Prosesa ikikaribia nyuzi 100 hujipunguza yenyewe ili isiungue, na vumbi la Umoja mnalijua, hasa wanaokaa karibu na barabara isiyo na lami. Sensa zikasema nyuzi 46. Prosesa ilikuwa baridi kuliko chai yangu. Hata hivyo asubuhi nikaifungua nikapuliza feni. Vumbi likatoka la kutosha kupanda sukuma, kasi ikabaki 400.

Jumamosi hiyo hiyo nikashuka hadi soko la Mutindwa kwa fundi mmoja wa vifaa vya umeme. Alichukua chaja, akaweka mita, akanionyesha: voti 19.5. "Chaja iko sawa kabisa, kijana. Hiyo mashine ndiyo imechoka." Nikamlipa shilingi 100 nikarudi. Simlaumu. Alipima kile ambacho mita yake inaweza kupima.

Saa tatu usiku Jumamosi nilikuwa nimeanza kukompaili tena, dakika ya kumi na moja, kiashirio kikiwa kwenye asilimia 22. Stima ikapotea.

Mnajua inavyokuwa. Jengo zima linasema "aaah" kwa sauti moja, kinyozi wa chini anavuta kamba ya jenereta, na mtu fulani anaanza kulalamika tokeni zake kana kwamba ndizo zilizoisha mtaa mzima. (Sisi tumeshazoea mambo. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili mmoja alidondokea transfoma pale kituo cha Gitaru, na nchi nzima ikaingia gizani. Tumbili mwenyewe alipona.) Nikafunika uso kwa mikono. Jumatatu imeniponyoka, nikasema.

Kisha nikasikia feni ya laptopu. Ilikuwa imenyamaza siku mbili, sasa ilikuwa inavuma. Nikaangalia kiwambo: asilimia 22 imekuwa 40. Halafu 58. Chini ya dakika nne ikamaliza. Nikafungua lile dirisha la megahezi: 2,900, 3,100, 2,800.

Nilikaa gizani nikicheka peke yangu. Mambo yalikuwa kinyume kabisa na kila kitu nilichofundishwa. Laptopu hupunguza mwendo ikiwa kwenye betri na hukimbia ikiwa kwenye stima. Yangu ilikuwa inakimbia kwenye betri na kulala kwenye stima. Kwa hiyo aliyekuwa anaipunguza mwendo hakuwa Linux, wala joto, wala uzee. Alikuwa kwenye waya wa chaja.

Stima iliporudi (watoto wakashangilia kama kuna goli) nikachomeka chaja huku nikitazama namba. Sekunde mbili: 400. Nikachomoa: 3,000. Nikachomeka: 400. Nilirudia mara saba hivi, si kwa sayansi, kwa raha tu.

Maelezo yenyewe ni haya. Chaja ya laptopu kama yangu ina plagi ya duara, na katikati kuna sindano nyembamba. Umeme haupiti kwenye sindano hiyo. Ni ya mazungumzo. Ndani ya chaja halisi kuna kijichipu kinachoiambia laptopu, "mimi ni chaja fulani, wati 65." Laptopu ikisikia hivyo inajua inaweza kuvuta kiasi gani. Chaja ya bandia huenda haina kijichipu, au ina cha kuiga kinachokufa baada ya miezi michache. Hata chaja halisi, kale kawaya kembamba ka katikati kakikatika kwa kukunjwakunjwa, inakuwa bubu. Voti 19.5 zipo pale pale! Ndiyo maana mita ya fundi haikuona kitu. Mita inapima nguvu, haisikii mazungumzo.

Sasa laptopu ikichomekewa chaja bubu inafanya nini? Inaogopa. Haijui kama ina wati 90 au 30. Ikivuta nyingi, chaja dhaifu inaweza kuyeyuka au kuwaka. Basi inachukua njia ya salama mara mbili: inakataa kuchaji betri, na inaiambia prosesa ishuke mpaka mwendo wa chini kabisa. Inaiambiaje? Hapa ndipo palinifurahisha kama mtu wa kompyuta. Prosesa za Intel zina mguu mmoja unaoitwa PROCHOT, wa kutoa taarifa kwamba prosesa ina joto kali. Mguu huo unafanya kazi pande zote mbili: prosesa inaweza kupiga kelele kupitia hapo, na sehemu nyingine za ubao zinaweza kuipigia kelele prosesa. Kwa hiyo ubao unaihadaa prosesa, unaiambia "unaungua!" nayo inatii papo hapo ikiwa na nyuzi 46. Mfumo wa uendeshaji haujaulizwa chochote. Ndiyo maana sera zangu zote za Linux zilikuwa kama kumpigia kelele dereva wakati kuna mtu amefunga tairi kwa kamba.

Nikaanzisha upya mashine nikaingia BIOS, kwenye ukurasa wa betri. Aina ya chaja: haijulikani. Imeandikwa pale pale, wazi.

Na si hapo tu. Kila nilipoiwasha mashine hii, kabla hata ya Linux kuanza, kulikuwa na maandishi meupe kwenye kiwambo cheusi, mistari mitatu minne, na chini yake maelekezo ya kitufe cha kubonyeza ili kuendelea. Nilikuwa nabonyeza. Siku ya kwanza nilidhani ni mambo ya mtumba. Halafu nikazoea kuilaza tu bila kuizima, nikawa siyaoni kabisa. Sasa nikayasoma neno kwa neno. Yalikuwa yanasema chaja haitambuliki, betri huenda isichaji, na mashine itapunguza kasi. Jibu la siku mbili za mahangaiko lilikuwa limeandikwa, nami nikalipita kama tangazo la mganga kwenye nguzo ya stima.

Kuhusu betri, nilikuwa nimeshaona imekwama kwenye asilimia 61 siku nzima ya Ijumaa. Nikasema ya mtumba hiyo, imechoka. Kila kitu kwangu kilikuwa kimechoka.

Usiku ule nilikuwa na njia mbili. Betri ilibaki asilimia 34, na chaja haikubali kuijaza. Au nizime masikio ya prosesa. Kuna rejista ndani yake, namba 0x1FC, na biti yake ya mwisho ndiyo inayoamua kama prosesa isikilize kelele za nje. Kwenye Linux unasoma kwanza thamani iliyopo:

sudo modprobe msr
sudo rdmsr 0x1FC

Halafu unaiandika tena kwa wrmsr -a ukiwa umepunguza moja, kama inaishia na biti iliyowaka. Thamani hutofautiana kutoka mashine hadi mashine, kwa hiyo msinakili ya mtu mwingine. Kama Secure Boot imewashwa, Linux yenyewe inaweza kukataa. Kwenye Windows kuna programu ya ThrottleStop yenye kisanduku kimoja tu cha kuondoa tiki, kimeandikwa BD PROCHOT. Ukizima mashine na kuiwasha, mambo yanarudi yalivyokuwa.

Nilifanya. Lakini nawaambia ukweli, silipendi jambo hili, na sikulala. Prosesa bado inajilinda dhidi ya joto lake yenyewe, hilo halijazimwa. Kilichozimwa ni ulinzi wa vitu vingine, pamoja na ile chaja isiyojulikana ina nguvu gani. Niliiweka juu ya kigae, mbali na pazia, nikawa naigusa kila dakika kumi. Ilikuwa moto wa kutosha kunishtua. Ukikaa ghorofa ya nne kwenye jengo lenye ngazi moja, unaelewa kwa nini yule mhandisi aliamua laptopu iogope. Hii ni dawa ya usiku mmoja, si ya kuishi nayo.

Jumapili nikaenda mjini kutafuta chaja halisi iliyotumika. Safari hii nilibeba laptopu. Muuzaji wa kwanza alinishangaa nilipotaka kuwasha mashine dukani na kuingia BIOS. "Brathe, inawasha taa, si unaona?" Nikamwambia taa hata ile mbovu inawasha. Kwa muuzaji wa tatu ukurasa ulisoma wati 65. Shilingi 2,300. Betri ikaanza kuchaji pale pale, na nikashuka kwenye matatu nikiwa na kazi iliyobaki ya saa mbili tu. Ya Jumatatu yalikwenda salama, mwalimu mkuu aliuliza tu kama rangi ya kijani inaweza kuwa ya bluu.

Kisa kingeishia hapo. Lakini Jumapili ile jioni, nikipanda ngazi na chaja yangu mkononi, nilipishana na binti wa jirani wa chini. Anasoma diploma. Alikuwa anatoka saiba, ameshika flashi na karatasi zilizochapwa. "Shikamoo," sikuambiwa, Nairobi hatusalimiani hivyo sana siku hizi, aliniambia "Niaje," akacheka, akapita. Nikabaki nimesimama kwenye ngazi.

Miezi minne nyuma, mama yake aliniita. Mama huyu ana kibanda cha mboga mbele ya jengo, na mara nyingi amenikopesha sukuma na nyanya mwisho wa mwezi. "Kijana wangu, wewe umesomea hizi vitu. Angalia hii laptopu ya mtoto, imekuwa pole sana." Niliitazama kwa dakika kama kumi, nimesimama. Ilikuwa ya kampuni ile ile na yangu, ya kizazi cha nyuma kidogo. Betri yake ilikuwa imekufa kabisa, kwa hiyo ilikuwa inategemea chaja muda wote. Nilifungua programu moja, ikachukua dakika nzima. Nikasema, "Mama, hii imezeeka. Uzeni mapema kabla haijafa, mtafute nyingine."

Na binti alikuwa ameniambia. Nakumbuka vizuri sana, na ndilo linaloniuma. Alisema, "Kila nikiwasha inaandika maneno fulani, halafu nabonyeza tu." Nikamjibu, "Hayo ni ya kawaida."

Waliiuza kwa shilingi 6,500. Nyingine haijapatikana. Tangu wakati huo binti anaandika mradi wake saiba, akilipa kwa dakika, na saiba ikifungwa jioni naye anafunga.

Ningeweza kunyamaza. Hakuna ambaye angejua. Hiyo ndiyo raha ya fani yetu, makosa yetu yanafanana na bahati mbaya. Nilishuka nikamkuta mama anafunga kibanda. Nikamweleza, si kwa PROCHOT na rejista, nikamwambia tu kwamba mashine ya mtoto huenda haikuwa mbovu, chaja ndiyo iliyokuwa mbovu, na mimi sikupima.

Alinyamaza kidogo, akaendelea kufunika nyanya. Kisha akasema, "Lakini ile chaja bado iko hapa. Aliyenunua alisema ako na yake." Akamtuma binti aende kuileta.

Nikaileta juu. Plagi ya duara, sindano katikati. Nikaichomeka kwenye laptopu yangu nikitazama namba. Sekunde mbili, labda tatu.

400.

Nimefikiria sana jambo hili tangu siku hiyo. Mwezi Desemba 2017 Apple walikiri kwamba simu zao zenye betri zilizochoka zilikuwa zinapunguzwa mwendo na programu ili zisizime ghafla. Watu walikasirika, na si kwa sababu ya kupunguzwa, maana sababu ilikuwa na maana kiufundi. Walikasirika kwa sababu hawakuambiwa, wengine wakawa wameshanunua simu mpya pale ambapo betri ingetosha. Kampuni ikashusha bei ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi 29, na Februari 2020 Ufaransa ikaitoza faini ya euro milioni 25. Nilikuwa miongoni mwa waliowacheka. Sasa laptopu ya binti huyu yenyewe ilisema, tena kila asubuhi, kwa Kiingereza cha kihandisi kwenye kiwambo cheusi. Binti akaja kuniuliza mimi, niliyesomea. Ni mimi ndiye sikuambia.

Kwa wale wenye mashine iliyolegea ghafla (nasema ghafla, kwa sababu uzee hauji Ijumaa jioni), kabla ya kununua RAM, kabla ya kufuta Windows yote, tazameni kasi ya prosesa mkiwa na chaja, mkaitoe, mkatazame tena. Kama betri imekufa, azimeni chaja ya mtu ambayo mna hakika nayo. Ingieni BIOS msome inaitambuaje. Na kama kasi iko chini hata bila chaja, ndipo mwangalie joto na feni, na kwenye Windows mpangilio wa matumizi ya umeme, maana kuna watu wamewahi kuweka kiwango cha juu cha prosesa kuwa asilimia 50 wakasahau.

Mimi na yule mama tulikubaliana. Nusu ya pesa za shule iliyobaki niliweka pamoja na akiba yake kidogo, tukapata ex-UK nyingine kwa shilingi 18,000, na nilitembea na binti madukani, laptopu ikiwashwa, BIOS ikifunguliwa, wauzaji wakinung'unika. Chaja zile mbili bubu ziko kwenye droo yangu, nimezikata waya ili asije mtu akaziokota.

Juzi usiku binti alinipigia simu. Alikuwa ameiwasha mashine.

"Kuna maneno yametokea kwa skrini, na sijabonyeza kitu. Nikusomee?"

Nikamwambia asome. Akasoma polepole, herufi kwa herufi pale alipokwama. Ilikuwa saa ya mashine imepotea. Kibetri kidogo cha duara kilicho ndani ya ubao kimekwisha. Nikamwambia asijali, ni shilingi 50 Mutindwa, nitakuja kukiweka kesho.